Mita Saba za Mwamba

Asubuhi niliyoitwa kupima maduara mawili ya wachimba dhahabu, nilikuta sikio la mtu limewekwa juu ya kiroba cha mawe. Hakuna aliyetaka kuligusa. Mwenye nalo alikuwa ameshakimbizwa zahanati kwa bodaboda, kajifunga fulana kichwani, na waliobaki walikuwa wamegawanyika makundi mawili, kila kundi upande wake, wakitukaniana mama zao. Nilishuka kwenye pikipiki na begi la kompyuta mgongoni, nikawaambia waliokote au walifukie, watajua wenyewe, lakini mimi sifungui vifaa vyangu mbele ya nyama ya mtu. Ndivyo nilivyo. Woga ukinishika, mdomo wangu unatoa ukali, na watu wanadhani mimi ni jasiri.

Machimbo yenyewe yako nje ya Katoro, mwendo wa saa moja kwa bodaboda ukipata dereva mwenye akili zake. Huko kila mwenye duara anachimba shimo lake kwenda chini kama anatafuta maji ya kisima, kisha akikutana na mwamba wenye dhahabu anaufuata kwa njia ya ubavuni, popote unapoelekea. Juu ya ardhi mipaka inaonekana, kuna vigingi vimepakwa rangi nyeupe. Chini hakuna kigingi. Watu wa duara moja wanaweza kugonga mwamba mpaka wakatokea ndani ya njia ya jirani, na hicho ndicho wenyewe wanachokiita mtobozano. Nimewahi kuuona mmoja. Watu walikutana gizani na nyundo na tindo mikononi, kila upande ukiamini mwenzake ndiye mwizi, wakapigana wakiwa wamepiga magoti kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kusimama. Walioshindwa walirudi nyuma, wakachoma matairi na pilipili, wakasukumia moshi kwa wenzao. Aliyetolewa wa mwisho alikuwa na povu jeusi puani, na alikuwa amekufa.

Duara la kwanza kati ya yale mawili lilikuwa la mama mmoja mjane kutoka Ushirombo, mwenye rozari shingoni na mdomo mchafu kuliko wanaume wote wa pale. La pili lilikuwa la mzee wa Kishapu, mpole wa sura, aliyefanya biashara ya pamba miaka mingi mpaka pamba ikamchosha. Watu wa mzee walikuwa wamesikia milio ya nyundo chini ya miguu yao. Wakasema mama anawaibia mwamba. Mama akawajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na ndipo asubuhi ile, kwenye banda la chai, mtu wake mmoja akakatwa sikio kwa panga. Afisa wa madini alikuwa ameshasimamisha kazi pande zote mbili tangu jana yake. Akaagiza maduara yapimwe, na kamati ya machimbo ikae Jumatatu itoe uamuzi. Kama njia ya mama ingekutwa imeingia kwa mzee, duara lake lingefungwa, na kila mtu alijua kwamba mikono ya watu isingengoja hilo tangazo la kufunga.

Mle ndani ya duara la mama alikuwemo kaka yangu. Kazi ilikuwa imesimamishwa, lakini maji ya chini hayasikii amri ya afisa, kwa hiyo kila asubuhi alishuka kuendesha pampu ili njia isifurike. Ni kaka yangu wa pekee. Aliacha shule Samuye ili mimi niendelee, na cheti changu cha kuchora kwa kompyuta kimetoka mikononi mwake, siyo mwa mtu mwingine yeyote. Nilipoliona lile sikio, wazo lililonijia ni kwamba la kwake lingeweza kuwa la pili, au shingo.

Mzee wa Kishapu alilisema wazi, mbele ya wote.

"Injinia, kaka yako yumo mle. Sasa sisi tutakuaminije?"

Mimi si injinia, ila huko ukibeba kompyuta tu unapewa cheo. Nikamjibu, "Msiniamini, mzee wangu. Nitawachorea kitu mtakigeuza wenyewe kwa mikono yenu, juu, chini, ubavuni, mpaka mchoke. Mkiona nimedanganya, mnikate sikio."

Watu wakacheka. Nami nilijiona nimesema jambo kubwa.

Nilipima siku tatu. Nilishuka maduara yote mawili kwa kamba ya winchi, nikatambaa na dira na futi ya kamba, magoti ndani ya tope la baridi. Kwenye njia ya mama, kaka ndiye aliyenishikia mwisho wa futi. Kila tulipofika hatua chache alisimama, akainua nyundo, akagonga dari polepole na kutega sikio. Wachimbaji wote hufanya hivyo. Mwamba mzima ukiugonga unajibu kwa sauti kavu, fupi. Mbovu unalia kama debe.

"Hapa panalia vibaya," aliniambia tulipofika kwenye pampu. "Kazi ikifunguliwa tutaweka miti mingine. Wewe pita haraka."

"Na wewe unakaa hapa kila siku?"

"Pampu ndipo ilipo, mdogo wangu. Nikakae wapi?"

Nilirudi Katoro, kwenye duka la fotokopi nilikokodi meza na soketi, nikaingiza vipimo vyote kwenye programu. Ikatoka kazi nzuri, sitajifanya mnyenyekevu. Njia ya mzee niliipaka nyekundu, ya mama nikaipaka bluu. Nyekundu ilipita juu ya bluu, usawa wa pale kwenye pampu, na kati yake palikuwa na mita saba za mwamba ambao hakuna mtu aliyekuwa ameugusa. Hapakuwa na wizi. Milio waliyoisikia watu wa mzee ilikuwa ya kweli, maana mwamba unapitisha sauti vizuri, lakini njia hazikuwa zimekutana wala hazikuelekea kukutana. Nililia pale kwenye meza, kwa furaha. Mwenye duka akaniuliza kama nimefiwa.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kuwaonyesha. Programu ninayochorea hakuna mtu machimboni aliyekuwa nayo, na hata angekuwa nayo asingejua pa kuanzia. Lakini inaweza kuliweka lile umbo zima ndani ya faili la PDF, lilelile la kawaida ambalo watu hutumiana barua na ankara. Ukilifungua kwenye kompyuta unaona ukurasa wenye maelezo na picha iliyotulia. Ukibofya picha, inaamka. Unaishika, unaigeuza, unaingia katikati ya njia zenyewe, unasogea mpaka unaona nafasi iliyopo kati ya moja na nyingine. Nilipenda sana jambo hilo. Mtu yeyote angeweza kutazama mwenyewe bila kunitegemea mimi wala undugu wangu. Programu iliniuliza ile picha ya mwanzo, kabla haijaamshwa, iwe ya kutoka upande gani. Nikabofya juu.

Jumamosi asubuhi katibu wa kamati akanipigia. Ni mtu wa simu mbili na neno "uwazi" mdomoni kila saa. Alitaka faili mapema ili alijaribu kwenye kompyuta ya ofisi kabla ya kikao cha Jumatatu. Nikamtumia na maelezo ya mistari mitatu: lifunguliwe kwenye kompyuta, siyo kwenye simu, bofya picha, likiuliza kama unaliamini, kubali. Akajibu kwa kidole gumba.

Kisha akalitupia kwenye grupu la machimbo, ambalo kila mtu yumo, wenye maduara, wachimbaji, wasaga mawe, mama wauza wali. Yale maelezo ya mistari mitatu hakuyatuma. Baadaye alinieleza kwamba aliona yangewachosha watu.

Kwenye simu ile picha haiamki. Unapewa ile iliyotulia tu, unaibonyeza mpaka kidole kiume, imelala palepale. Na ukiangalia kwa juu, njia inayopita mita saba chini ya nyingine huioni imepita chini. Unaona mstari mwekundu na mstari wa bluu vimekatana katikati kama msalaba.

Nililijua hilo saa nne asubuhi, wakati mteja mmoja wa fotokopi aliponionyesha simu yake huku anacheka. "Injinia, umemaliza ubishi. Kumbe mama wa watu kaiba kweli." Nikaitazama picha yangu mkononi mwake.  Nikampigia kaka, simu haikupatikana, na nikajua yuko chini kwenye pampu. Nikampigia mzee wa Kishapu, ikaita mpaka ikakata. Nikampigia katibu.

"Dada yangu, mimi nimeshirikisha tu. Watu wana haki ya kujua."

"Futa! Waambie wafungue kwenye kompyuta, waambie njia haziku..."

"Sasa nikifuta si watasema nimehongwa?"

Nilimtukana tusi la mama wa Ushirombo, neno kwa neno, mteja akasogea nyuma. Nikachukua kompyuta bila hata kuizima, nikakimbilia barabarani, nikapanda bodaboda.

Tulipokaribia machimbo nikasikia mwano. Kwetu Usukumani huo ni ukelele wa hatari, na kila mwanamume anayeusikia ni lazima atoke na chochote alicho nacho mkononi na kuupokea kwa ukelele wake, mpaka nchi nzima inalia. Asiyetoka, sungusungu, wale walinzi wa kijiji, wanamtoza faini. Haulizwi kwanza mtu kosa ni la nani. Niliwaona wanatoka kwenye makarasha ya kusagia mawe, weupe kwa vumbi, na mitaimbo. Niliona muuza chapati na mpini wa jembe. Watu ambao hawakuwa na shida yoyote na mama wa Ushirombo walikuwa wanakwenda kumpiga kwa sababu mwano umepigwa, na mwano ulipigwa kwa sababu ya picha yangu.

Banda la mama lilikuwa limeshaangushwa. Mwendesha winchi wake alikuwa amelala chini, mguu umekunjika mahali pasipo na goti, na bado palikuwa na mtu anampiga mateke ya mbavu, taratibu, bila hasira, kama mtu anavyopiga kazi. Mawe yalikuwa yanaruka. Moja lilinipata begani nikahisi mkono umekufa ganzi. Mama mwenyewe alikuwa amesimama mdomoni mwa duara lake, kanga imeanguka, damu inamtiririka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye rozari, na panga kalishika kwa mikono miwili. Kila aliyesogea alimrushia, likakata hewa.

"Mama, kaka yangu yuko wapi?"

"Yuko chini kwenye pampu! Mbwa hawa wamekata kamba!"

Kamba ya winchi ilikuwa imelala kwenye vumbi, imekatwa kwa panga, nyuzi zimechanuka. Bila hiyo mtu wa chini hapandi. Nilichungulia ndani ya lile shimo, nikaita jina lake mpaka sauti ikakatika. Sauti ya pampu ndiyo iliyojibu.

Mzee wa Kishapu alikuwa amekaa juu ya pipa tupu, mbali kidogo, simu mkononi. Yeye hakupiga mtu. Alikuwa anatazama tu vile wengine wanavyompigania. Nilimshika ukosi wa shati.

"Waambie watu wako waache!"

"Injinia, si wewe ndiye umechora?" Alinionyesha simu. "Sisi tumeamini mchoro wako. Ulisema tutazame wenyewe."

Nikafungua kompyuta juu ya magoti yake. Jua lilikuwa kali, kioo chote kikawa cheupe, hakionyeshi hata sura yangu. Nikavua kanga yangu, nikamfunika yeye na mimi na ile kompyuta, vichwa viwili ndani ya kitambaa kimoja. Humo ndani mlikuwa na giza kidogo, joto na harufu ya tumbaku yake. Nje watu walikuwa wanaumizana, nasikia marungu yanavyogota kwenye miili. Faili likafunguka. Likaja lile swali la juu ya ukurasa, je unaliamini faili hili. Nikabofya ndiyo. Picha ikaamka.

"Geuza mwenyewe," nikamwambia. "Weka kidole hapa, vuta."

Kidole chake kilikuwa kinene. Akavuta. Msalaba ukainama, ukafunguka, njia nyekundu ikapanda juu na ya bluu ikabaki chini. Akavuta tena. Akarudisha. Akavuta polepole zaidi.

"Kumbe hii iko juu," akasema, "na hii iko chini."

"Mita saba, mzee. Ni mwamba mtupu. Hakuna aliyekuibia."

 Nilihisi pumzi yake imesimama shavuni kwangu. Kisha akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Mungu wangu. Watu wangu wameshuka na baruti. Walisema watalipua pale zinapokatana, watoboe, watu wote waje kuona wizi."

"Wameshuka saa ngapi?"

Hakuwahi kunijibu. Ardhi iligonga mara moja chini ya miguu yetu, kishindo kizito, kompyuta ikaruka kwenye magoti yake. Nikaitupa kanga. Vumbi lilikuwa linatoka kwenye duara la mzee. Tukatazamana. Baada ya muda mdogo sana, kama wa mtu kumeza mate, likaanza kutoka kwenye duara la mama, na sauti ya pampu ikazima.

Nilimpiga. Niliifunga kompyuta nikaishika kwa mikono miwili, nikampiga nayo usoni kwa ukingo. Pua ilivunjika, niliisikia. Alianguka kwenye pipa, nikamfuata chini, nikampiga tena mdomoni, tena, mpaka kioo kikachomoka na kuning'inia kwenye waya. Hakuinua mkono kujikinga, na hilo lilinizidishia hasira. Nilitaka ajikinge. Nilitaka kumuua, nalisema hivyo hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Aliyenivuta ni mama wa Ushirombo, yule yule ambaye dakika moja kabla alikuwa anatafuta shingo ya kukata.

"Muache! Kaka yako bado yuko chini. Ukimuua huyu nani atatoa watu wakachimbe?"

Vurugu ilikwisha hapo hapo. Ni jambo ambalo mpaka leo silielewi kwa watu wa machimbo. Waliotoka kuua walitupa marungu, wakakimbilia sululu. Mtu aliyekata kamba, wote walimjua, ndiye aliyeiunga kwa mikono yake na ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka nayo. Muuza chapati alibeba mawe mpaka kucha zikang'oka. Walipuaji wawili wa mzee walipanda kutoka duara lao wakiwa wazima, weupe kwa vumbi, na mmoja wao alipoambiwa kilichotokea alikaa chini akaanza kujipiga makofi. Alikuwa anarudia maneno yale yale. "Tulihesabu hatua. Tulihesabu hatua kwa kipimo cha kwenye picha. Tulifika penyewe." Walikuwa wamefika penyewe kweli. Kipimo nilikiweka mimi chini ya picha, na kilikuwa sahihi.

Baruti haikutoboa mita saba. Ilitikisa tu, na ile dari iliyolia kama debe ikashuka.

Kaka alitolewa saa kumi jioni, amefungwa kwenye ubao wa mlango. Alikuwa hai, nikapiga kelele za furaha, nikawakumbatia watu ambao asubuhi niliwaona wanaua. Ndipo nikamshika mguu, nikaubana, akanitazama kama mtu anayesubiri nianze. Hakuhisi kitu. Nikabana tena kwa kucha, nikamtoa damu. Akasema, "Unafanya nini hapo chini?"

Mama wa Ushirombo alishonwa kichwa na akarudi Ushirombo kwao. Mwendesha winchi anatembelea gongo. Mzee wa Kishapu alikataa kunishitaki kwa pua na meno, na polisi waliponiuliza nilisema nimempiga kwa makusudi, wakaandika, wakaniachia. Jumatatu kamati ilikaa kama ilivyopangwa. Katibu alinipigia nikiwa hospitalini, ananipa hongera. Walikuwa wamelifungua faili langu ukutani kwa projekta, kila mjumbe akaligeuza, wakaona waziwazi kwamba hapakuwa na mtobozano wowote na kwamba mama hakuwa na kosa. Watu walipiga makofi, alisema. Nilikata simu, nikaiponda ukutani, muuguzi akanifukuza wodini.

Kaka yuko Samuye sasa, kwa mama yetu, kwenye chumba kinachotazama zizi. Mikono yake ina nguvu kama zamani. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kitu, na kila baada ya saa mbili ni lazima ageuzwe, la sivyo anaoza mgongo. Mama anamgeuza siku za kazi. Mimi nikija Ijumaa namgeuza mpaka Jumapili. Hatukuwahi kuzungumza habari za siku ile. Aliongea habari za mvua, za ng'ombe wa jirani, aliwatania wanaokuja kumwona kwamba wanafuata uji wa mama.

Jumamosi moja mchana, baada ya kula, akasema, "Nasikia kuna picha. Watu wote waliiona, mimi mwenye kulaliwa na jiwe sijaiona."

Nilikuwa na kompyuta nyingine, na faili lilikuwa bado kwenye barua pepe yangu. Nikamwekea kifuani, nikamfungulia. Nilimwonyesha jinsi ya kuiamsha. Aliigeuza muda mrefu, kwa utulivu, akasogea ndani ya njia ya bluu, akapita pale tulipopita na futi ya kamba, akafika kwenye pampu, akasimama. Akaangalia juu, ndani ya picha, kuelekea nyekundu. Kisha akairudisha ilivyokuwa mwanzo, ule msalaba.

"Na hii ndiyo waliyoiona kwenye simu?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuweka ya ubavuni? Sisi wachimbaji tunaonaga kwa ubavu. Kwa juu anaonaga nani? Kunguru?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Polisi hawakuuliza, wala kamati, wala mzee na pua yake. Ningeiweka ya ubavuni, hata simu mbovu kuliko zote isingeficha zile mita saba. Nilikuwa na majibu mengi nimejiandalia usiku na mchana, ya katibu na uwazi wake, ya watu wasiosoma maelezo. Niliyaacha.

"Programu iliniuliza," nikasema. "Nikabofya juu. Nilikuwa na njaa, nilitaka nimalize nikale."

"Nduhu," akasema kwa Kisukuma, hapana, huku anatikisa kichwa, si kwa kunikatalia bali kama mtu anayekataa kitu kingine, kikubwa, ambacho hakipo chumbani.

Baba yetu alikuwa mtu wa fimbo, na nilipokuwa mdogo kaka ndiye aliyejiweka katikati, akachapwa yeye. Mgongo wake ulikuwa na alama zangu. Maisha yetu yote hakuwahi kuniinulia mkono. Siku ile aliuinua. Alinipiga kofi la shavu kwa nguvu zote za mkono wa mchimbaji, nikaona nyota, kompyuta ikaanguka kwenye mkeka. Sikusogea. Nilimwekea shavu la pili karibu, ili asihangaike kulifikia, nikasubiri.

Hakunipiga tena. Alipumua kwa taabu, akafuta mkono wake kwenye shuka, akatazama saa ya ukutani.

"Muda wangu umefika," akasema. "Nigeuze."

Nikapitisha mkono chini ya mabega yake na mwingine chini ya kiuno, nikavuta. Nikamuuliza anataka kulala akiangalia wapi. Akasema ukutani.